Mtihani wa CCNA: Mikono Kwanza, Cheti Baadaye

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa mitandao ya tarakilishi, pamoja na wazazi na walimu wa vyuo vya kiufundi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Fikirieni asubuhi ya Jumatatu katika kituo cha afya. Wagonjwa wamepanga foleni mbele ya dirisha la malipo. Karani anabonyeza kitufe, anangoja, anabonyeza tena. Skrini haisongi. "Mtandao umepotea," anasema. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa anarudi kukaa kwenye benchi. Foleni inafika mlangoni.

Karani hana kosa. Daktari pia hana kosa. Huenda aliyefagia ofisi jioni ya Ijumaa aliona waya umening'inia nyuma ya kabati, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi akidhani anasaidia. Sasa swichi mbili zimeunganishwa kwa nyaya mbili, na ikiwa kinga ya mzunguko ilizimwa, data inazunguka humo bila kikomo kama matatu iliyokosa njia ya kutoka stendi. Dawa yake ni kuuchomoa waya mmoja. Kazi ngumu ni kujua ni waya upi, na kujua kwamba tatizo ni waya wala si kampuni ya intaneti iliyo mbali.

Mtu anayejua hivyo hutafutwa. Na anaweza kuwa kijana wa wadi hii hii.

Mazungumzo ya leo yanahusu mtihani mmoja unaopima ujuzi huo. Unaitwa CCNA, na hutolewa na Cisco, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1984 na inayotengeneza ruta na swichi. Cheti hicho kilianza kutolewa mwaka 1998. Mtihani unaofanywa sasa una nambari 200-301. Ulianza tarehe 24 Februari 2020, na maudhui yake yakafanyiwa marekebisho Agosti 2024.

Jambo la kwanza la kufahamu, na wengi hawalijui, ni kwamba mtahiniwa haulizwi gredi ya KCSE wala shahada. Aliyesomea chuo kikuu na aliyejifunzia nyuma ya saiba hukaa mbele ya skrini ya aina moja na kuulizwa mambo yale yale. Mlango uko wazi. Lakini kuingia kunagharimu, na wengi huanguka.

Binti wa saiba

Tumchukue binti mmoja wa mfano. Hana jina, kwa sababu binti wa aina yake yuko katika kila soko la kaunti hii. Ana stashahada ya teknolojia ya habari kutoka chuo cha kiufundi. Mchana anafanya kazi kwenye saiba: anachapisha barua, anajaza fomu za eCitizen, anawasaidia wazee kupata nakala za PIN. Jioni anasoma.

Ada ya mtihani ni dola 300. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola moja, hiyo ni shilingi 39,000, kabla ya kodi. Binti huyu hana pesa hizo. Mama yake anauza mboga sokoni na ni mwanachama wa chama cha akina mama. Zamu yake ya kupokea ilipofika, badala ya kununua mabati ya jikoni, alimpa binti yake pesa. "Nenda ukafanye huo mtihani, mwanangu," alimwambia. "Mabati yatangoja."

Binti alijitayarisha miezi mitano. Alitazama video zote za kozi moja, nyingine mara mbili. Alijaza madaftari matatu. Akiulizwa OSPF ni nini, alijibu bila kusita. Akiulizwa tabaka saba za mfumo wa OSI, alizitaja kwa mpangilio hadi chini na kurudi juu.

Akaenda mjini, akafanya mtihani, akaanguka.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu. Alishuka kwenye matatu stendi moja kabla ya soko, akatembea kwa mguu, kwa sababu hakujua atamwambiaje mama yake kuhusu yale mabati.

Kilichomwangusha

Karatasi ya matokeo ya mtihani huu haimwambii mtu "umefeli" na kumwacha hapo. Humwonyesha asilimia aliyopata katika kila sehemu. Sehemu zenyewe ni sita, na kila moja ina uzito wake: misingi ya mitandao asilimia 20, ufikiaji wa mtandao, yaani swichi, VLAN na mitandao isiyo na waya, asilimia 20, uelekezaji wa data kwa IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mitandao kwa programu asilimia 10.

Binti alipoituliza akili na kuisoma karatasi yake, aliona jambo la ajabu. Sehemu aliyoanguka zaidi ni uelekezaji, ile yenye uzito mkubwa kuliko zote, na ndiyo aliyoisoma kuliko zote. Madaftari mawili kati ya matatu yalikuwa ya sehemu hiyo.

Kosa lake halikuwa uvivu. Alikuwa amesoma kuhusu kuogelea bila kuingia mtoni.

Chukueni swali la aina hii. Ruta imejifunza njia mbili. Ya kwanza imeletwa na OSPF, nayo inakwenda kwenye mtandao 10.1.1.0/24. Ya pili imeandikwa na fundi kwa mkono, nayo inakwenda 10.1.0.0/16. Pakiti inafika, inataka kwenda 10.1.1.9. Itapita njia ipi?

Binti alikumbuka daftari lake: njia iliyoandikwa kwa mkono ina kiwango cha kuaminika cha 1, na OSPF ina 110, na nambari ndogo ndiyo inayoaminika zaidi. Akachagua njia ya mkono. Akakosa.

Ruta haianzi kwa kuuliza nani anaaminika. Huanza kwa kuuliza nani ametoa maelekezo ya karibu zaidi. Mgeni akiuliza njia stendi, mzee anayeheshimika akamwambia "shika barabara ya mjini," na kijana wa boda boda akamwambia "shika barabara ya mjini, pinda kwenye kanisa, lango la tatu," mgeni atafuata maneno ya kijana. Heshima ya mzee itahesabika tu iwapo wote wawili wametaja lango lile lile. Ndivyo ilivyo hapa: /24 ni lango, /16 ni mji. Pakiti itapita njia ya OSPF.

Binti alikuwa ameandika kanuni zote mbili, kila moja kwenye ukurasa wake. Hakuwahi kuzikutanisha. Mtu akiiandika njia ile kwenye ruta kwa mkono wake, akatuma pakiti na kuona imepita pengine na si alikotarajia, atakasirika kidogo, atatafuta sababu, na hatasahau tena.

Kosa la pili lilikuwa la muda. Mtihani huchukua dakika 120, na maswali kwa kawaida hukaribia mia. Hiyo ni dakika moja na ushei kwa kila swali. Mengine ni ya kuchagua jibu, mengine ya kupanga vitu kwa kuvivuta, na mengine ni mazoezi ambapo mtahiniwa hupewa mtandao wa kuigiza na kuambiwa autengeneze. Ukishaliacha swali, huwezi kulirudia. Zoezi la kwanza lilipomjia binti, vidole vilimganda. Alitumia karibu robo saa akitafuta amri ambazo alizijua kwa kuzitazama tu. Maswali ya mwisho aliyajibu kwa kubahatisha.

Ekari moja, watoto wanne

Kuna somo moja linalowatoa jasho wengi, nalo ni kugawanya anwani za IP. Walimu wengine hulianza kwa sifuri na moja, wanafunzi wakakata tamaa siku ya kwanza. Lakini wakazi wa kaunti hii wanajua kugawanya shamba, na kazi ni ile ile.

Tuseme kituo cha afya kimepewa shamba linaloitwa 192.168.10.0/24. Shamba hilo lina nafasi 256, kuanzia 0 hadi 255. Linagawanywa kwa watoto wanne: duka la dawa, ofisi, maabara, na Wi-Fi ya wageni. 256 ukigawa kwa 4 unapata 64. Basi mipaka inaanzia 0, 64, 128 na 192. Kila ploti sasa inaitwa /26.

Katika kila ploti, nafasi mbili hazijengwi. Ya kwanza ni jina la ploti yenyewe. Ya mwisho ni kama kipaza sauti cha baraza: ukisema hapo, kila aliye ndani ya ploti anasikia. Kwa hivyo, katika nafasi 64, zinazobaki za kupewa mashine ni 62.

Sasa swali la mtihani: tarakilishi yenye anwani 192.168.10.77/26 iko kwenye ploti gani? Tazameni mipaka: 77 imepita 64 lakini haijafika 128. Basi ploti ni 192.168.10.64. Kipaza sauti chake ni 127. Mashine zinaweza kupewa kuanzia 65 hadi 126. Hakuna sifuri na moja iliyohitajika.

Wa kujaribu nyumbani leo: 10.20.30.200/27. Ploti za /27 zina nafasi 32 kila moja. Hesabuni kwa 32 hadi muipite 200. Mtakaopata ploti ya 192, kipaza sauti cha 223, na mashine kuanzia 193 hadi 222, mko njiani.

Siri ni kuhesabu kila siku, si kuelewa mara moja. Kwenye chumba cha mtihani hakuna kikokotoo. Hesabu kumi kila asubuhi kabla ya chai, kwa miezi miwili, humfikisha mtu mahali anapolijibu swali kama hilo kwa sekunde ishirini. Muda anaouokoa hapo ndio atakaoutumia kwenye mazoezi ya vidole.

Maabara isiyolipiwa

Vijana wengi husema, "Ruta za mazoezi tutazitoa wapi? Ni ghali." Ni kweli, vifaa ni ghali. Lakini Cisco yenyewe hutoa programu ya bure iitwayo Packet Tracer, kupitia mpango wake wa mafunzo, Networking Academy, ulioanza mwaka 1997. Inafanya kazi kwenye tarakilishi ya kawaida. Ukishaipakua, mazoezi mengi yanafanyika bila kula bando. Ndani yake mtu anaweka ruta, swichi na nyaya, kisha anaandika amri kama zile za kifaa halisi.

Baada ya kuanguka, binti wa saiba alifunga madaftari. Kila jioni, saiba ikishafungwa, alijenga mtandao mmoja mdogo, akauwasha, kisha akauharibu kwa makusudi. Hapo ndipo palipombadilisha.

Siku moja alijenga ruta mbili zinazozungumza kwa OSPF. Zikawa majirani. Akaenda kwenye ruta moja, akabadilisha muda wa salamu kutoka sekunde 10 hadi 15. Akangoja. Baada ya sekunde 40 hivi ujirani ukavunjika. Ruta zote mbili zilikuwa zima, waya ulikuwa mzima, na ukituma "ping" kutoka moja hadi nyingine ilijibiwa. Lakini majirani hawakuelewana saa ya kusalimiana, basi hawakuwa majirani tena. Jambo hilo lilikuwa daftarini mwake tangu mwezi wa pili. Siku hiyo alilijua.

Siku nyingine aliandika orodha ya ulinzi kwenye ruta ili kuzuia tarakilishi moja. Aliandika mstari mmoja tu wa kukataza. Kumbe mtandao mzima ukanyamaza. Alitafuta kosa kwa saa nzima hadi akakumbuka kwamba kila orodha ya namna hiyo huishia kwa mstari usioonekana unaokataza kila kitu kingine. Asiyeandika ruhusa kwa waliobaki amefungia kijiji kizima ndani.

Siku ya tatu aliunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili, kama yule mfagiaji wa kituo cha afya. Swichi zikaufunga mlango mmoja zenyewe. Akauliza kwa nini, akakutana na kazi ya Radia Perlman, mhandisi wa Marekani aliyebuni mwaka 1985 mbinu ya swichi kuchagua kiongozi na kufunga njia zinazozunguka. Akajifunza pia kwamba swichi zisipopangwa na fundi, zote huanza na kipaumbele sawa cha 32768, na kiongozi huwa ile yenye nambari ndogo zaidi ya kuzaliwa. Mara nyingi hiyo ni swichi kuukuu kuliko zote. Kazi nzito ya jengo zima inaweza kuwa imeangukia kifaa cha zamani kilichofunikwa na vumbi kwenye stoo, na hakuna anayejua.

Na mazoezi hayakubaki saibani. Asubuhi moja mwalimu wa shule jirani alikuja akilalamika kuwa laptopu yake "ina intaneti lakini haina." Binti aliangalia anwani, akaona inaanza na 169.254. Alijua papo hapo: laptopu iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Shida ilikuwa kwa kile kinachogawa anwani shuleni. Kazi ya dakika tano. Mwalimu alilipa shilingi mia tatu, na wiki iliyofuata akamwita shuleni.

Maswali ya kuuziwa

Lazima jambo hili lisemwe wazi. Binti alipokuwa bado na machungu ya kuanguka, alipata ujumbe kwenye simu. Mtu asiyemjua alimwambia ana maswali yote ya mtihani pamoja na majibu, kwa shilingi elfu mbili. "Kariri wiki mbili, upite. Wote wanafanya hivi."

Elfu mbili kando ya elfu thelathini na tisa ni pesa kidogo. Binti aliutazama ujumbe huo siku mbili.

Wanaouziwa maswali hayo wanapaswa kujua mambo matatu. Kwanza, kila mtahiniwa hukubali mkataba wa kutunza siri ya mtihani kabla ya swali la kwanza. Anayeuvunja anaweza kufutiwa matokeo, kunyang'anywa cheti na kuzuiwa kufanya mitihani ya kampuni hiyo. Pili, mengi ya maswali yanayouzwa yana majibu yasiyo sahihi, na mnunuzi hana namna ya kujua ni yapi. Tatu, na hili ndilo zito: aliyekariri akiajiriwa, siku moja ataitwa kwenye kile kituo cha afya Jumatatu asubuhi. Foleni itakuwa mlangoni. Mama mwenye mtoto atakuwa kwenye benchi. Na yeye atasimama mbele ya kabati la nyaya, cheti mkononi, asijue aguse wapi.

Binti alifuta ujumbe. Hakufanya hivyo kwa kuwa ni malaika. Alikuwa amesharekebisha laptopu ya mwalimu kwa kichwa chake mwenyewe, na alitaka hali hiyo iendelee.

Mpango wa mtu mwenye kazi

Kwa anayeanza leo akiwa na kibarua cha mchana, mpango unaofaa ni wa wiki 24. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 240. Saa hizo zigawanywe nusu kwa nusu: saa moja ya kusoma, saa moja ya kujenga na kuharibu. Wakati ukipungua, ipunguzwe saa ya kusoma.

Vitabu vya mitumba vichunguzwe kabla ya kununuliwa. Kitabu chenye nambari 200-125 ni cha mtihani uliofutwa Februari 2020. Kitamfundisha msomaji kupanga EIGRP, ambayo haimo tena katika orodha ya mambo ya mtihani, na hakitamfundisha vya kutosha kuhusu uendeshaji kwa programu, ambao umo. Orodha rasmi ya mambo yanayoulizwa hutolewa bure na Cisco. Ichapishwe, ibandikwe ukutani, na kila jambo liwekewe alama siku ambayo msomaji amelifanya kwa mkono, si siku aliyolisoma.

Msomaji asisome peke yake. Watu watatu wakikutana Jumamosi, kila mmoja akileta mtandao alioharibu ili wenzake watafute kosa, watajifunza zaidi ya mtu mmoja anayetazama video usiku kucha. Wanaosoma kupitia vyuo vyenye mpango wa Networking Academy waulize mapema kuhusu punguzo la ada. Lipo kwa baadhi ya wanafunzi wanaotimiza masharti.

Siku yenyewe

Jina kwenye akaunti ya mtihani liwe sawasawa na jina kwenye kitambulisho. Kwetu mtu anaweza kuitwa majina matatu kwenye kitambulisho, mawili kwenye cheti cha shule, na jingine la nyumbani. Mlangoni hakuna mjadala. Hilo lirekebishwe wiki mbili kabla.

Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani huku msimamizi akitazama kwa kamera. Lakini stima ikipotea katikati, au intaneti ikayumba, shida ni ya mtahiniwa. Aliye na njia ya kufika kwenye kituo cha mtihani afike kituoni, na ikiwezekana alale karibu usiku wa kuamkia siku hiyo, badala ya kupanda matatu ya saa kumi alfajiri.

Zoezi la kujenga likikataa, mtahiniwa ajiwekee kikomo cha dakika nane, afanye analoweza, asonge mbele. Swali moja lisiwameze wenzake kumi.

Na akianguka, anaweza kurudia baada ya siku tano, kwa ada mpya. Asirudi siku ya sita kwa hasira. Karatasi ya matokeo itamwonyesha pa kwenda.

Neno kwa wazazi

Mzazi anayetoa pesa za chama, mbuzi au mahindi kwa ajili ya mtihani huu ana haki ya kuambiwa ukweli. Cheti hiki si barua ya ajira. Hakuna ofisi inayolazimika kumwandika mtu kwa sababu anacho. Tena kinadumu miaka mitatu, kisha mwenye nacho lazima akihuishe kwa mtihani au kwa mafunzo ya ziada. Kinachofanya ni kumthibitishia mtu asiyemjua kijana wako kwamba ujuzi upo. Ujuzi usipokuwepo, karatasi haimfikishi mbali.

Kwa hivyo mzazi akitaka kujua kama pesa zake zinakwenda pazuri, asiulize, "Umesoma?" Aulize, "Leo umetengeneza nini?" Kijana akiwa na la kuonyesha, hata kama mzazi haelewi nyaya zile, ataona kwenye uso.

Jioni ile ya kuanguka, binti wa saiba alifika nyumbani akamkuta mama yake akipanga mafungu ya sukuma kwa ajili ya kesho. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Mama hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza fungu alilokuwa akilifunga. Kisha akauliza, "Hao waliokuangusha, wamekwambia ulikosea wapi?"

Binti akasema ndiyo, wamemwandikia.

"Basi keti tukisome hicho kikaratasi."

Mama hakujua OSPF ni nini. Lakini alijua kwamba mwenye duka akipata hasara, jambo la kwanza ni kufungua kitabu cha mauzo. Walikaa chini ya taa, binti akamsomea asilimia moja moja, na walipofika kwenye ile ya chini kabisa mama akaweka kidole hapo. "Anzia hapa."

Alianzia hapo. Ada ya pili aliipata mwenyewe, kwa laptopu za walimu na Wi-Fi za maduka, mia tatu kwa mia tatu, kwa miezi saba. Mara ya pili zoezi la kuigiza lilipofunguka kwenye skrini, vidole vilitangulia kabla ya akili kuogopa. Alipita.

Wiki hiyo, kabla hajaonyesha mtu cheti, alinunua mabati ya jikoni.

Vijana, mtihani huu ni mgumu, na hakuna sababu ya kudanganyana. Lakini aina ya ugumu wake inajulikana, na dawa yake haihitaji mjomba ofisini. Pakueni programu usiku huu. Wekeni ruta mbili, waya mmoja, na anwani mbili. Zikisalimiana, ziharibuni, kisha mzirekebishe.